Watu Wataka Maji

Kulikuwa na nchi, na nchi hiyo si yenu, kwa hiyo kaeni kwa raha zenu. Iliitwa Jamhuri ya Shwari. Huko hapakuwa na njaa, palikuwa na mfungo wa hiari uliorefushwa. Umeme haukukatika, bali taa zilipumzishwa. Wananchi wake walikuwa wenye furaha kwa asilimia mia moja na mbili, hesabu iliyopatikana baada ya Idara ya Takwimu kuwajumlisha na waliokwisha kuhama.

Katika nchi hiyo aliishi Dakta Hizza Mkomwa, Mkaguzi Mkuu wa Mabwawa, mtu mwembamba mwenye tabia ya kugonga kuta za watu kwa kifundo cha kidole akipita, asikie zinasemaje. Alikuwa na nishani moja, gari moja la serikali, na jambo moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Miaka mitatu nyuma, siku nne kabla ya kuzinduliwa Bwawa la Shukrani, Hizza alikagua ukuta wake akakuta ufa. (Mimi naliandika neno hili kwa sababu niko ng'ambo ya mpaka. Anayesoma akiwa Shwari na aruke hapo.) Ulikuwa mwembamba, hata ukucha hauingii vizuri, lakini ulianzia chini kabisa na ulikuwa na unyevu. Akaandika ripoti. Waziri wa Maji na Utulivu, Mheshimiwa Mbaruku Chitete, akampigia simu mwenyewe, tena kwa upole wa ajabu. Hakumwambia adanganye, hata kidogo. Alimwuliza tu kama Kiswahili, lugha yetu tajiri, kimekosa kabisa neno jingine. Ufa ni neno la shari, alisema, na kadi za mwaliko zimeshachapwa. Hizza alilikata neno lile, na juu yake akaandika "mkunjo".

Mkunjo, kama wa shati. Nani aliwahi kuogopa mkunjo?

Bwawa likazinduliwa, Hizza akavishwa nishani. Wiki iliyofuata dada yake Mwantumu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuja kumwuliza kama ni salama kujenga Chinichini, kijiji kipya ambako serikali ilikuwa inagawa viwanja chini ya ukuta ule ule. Hizza angeweza kusema. Walikuwa wawili tu sebuleni, waziri hayupo. Lakini nishani ilikuwa juu ya meza inang'aa, naye akaona haya. Akasema, "Jenga tu, dada." Dada akajenga. Akaomba na nakala ya ripoti, akaitia kwenye fremu na kuitundika ukutani, kwa kuwa ilikuwa na sahihi ya mdogo wake.

*

Serikali ya Shwari haikuishia hapo, maana ilikuwa serikali yenye bidii. Ilipoona kwamba kubadilisha neno moja kumeokoa sherehe nzima, ilijiuliza kwa nini neno lile baya liachwe hai. Bunge likaketi. Mbunge mmoja alithibitisha kwa takwimu kwamba asilimia tisini ya kuta zilizoanguka nchini zilikuwa zimetajwa kuwa na ufa kabla ya kuanguka, hivyo ni dhahiri kwamba kutajwa ndiko kulikoziangusha. Sheria ikapita kwa makofi. Neno likafutwa kwenye kamusi. Ile methali mashuhuri inayolitaja pamoja na ukuta, mnayoijua nyote, ikaondolewa vitabuni, na walimu waliokuwa wameianza darasani asubuhi hiyo wakaamriwa waiache katikati.

Kikaundwa Kitengo cha Usafi wa Lugha. Kila barua ya kiserikali ilipita kwanza kwenye kalamu nyekundu za Kitengo kabla ya kusomwa na mkubwa. Kila kipaza sauti cha mkutano kilifungiwa kisanduku chenye kitufe, na mtumishi wa Kitengo alikaa nacho mapajani ili alikate neno kabla halijafika kwenye spika. Kazi ilikwenda vizuri mpaka neno lilipokwisha. Watu walikuwa wameogopa, hakuna aliyeliandika wala kulitamka, na makarani mia moja na arobaini wakabaki wanatazamana. Kitengo kisicho na kazi hufungwa. Ndipo karani mmoja mwenye familia kubwa alipogundua kwamba neno lile halikuondoka kamwe, lilikuwa limejificha ndani ya maneno mengine. Limo kwenye ufalme. Limo kwenye ufanisi. Limo hata kwenye ufagio.

Kalamu zikaamka upya. Mtihani wa ufahamu mashuleni ukawa mtihani wa hamu. Hospitali iliyohitaji ufagio mmoja ililazimika kuagiza fagio mbili, maana kwa wingi neno lilikuwa safi. Na palipobaki pengo, karani aliruhusiwa kutia herufi moja ya kuliziba ili sentensi isibaki imekenua meno. Kwa ruhusa hiyo, Waziri Chitete alipoapa kufanya kazi usiku na mchana, likakatwa la kukatwa, ikatiwa herufi moja, na gazeti la serikali likatangaza kwamba Waziri ameapa kunya kazi usiku na mchana. Waziri alifoka siku nzima. Alipoambiwa kwamba sentensi ilipita Kitengo na ina muhuri, alitulia, akasema basi ndivyo alivyosema.

*

Hizza hakuyacheka hayo. Kila Jumatatu aliteremka ngazi za chuma hadi chini ya ukuta kumwangalia mwanaharamu wake, maana ndivyo alivyoutazama ule ufa, kama mtoto aliyemzaa mwenyewe na kumpa jina la uongo. Mwaka wa kwanza uliingia ukucha. Mwaka wa pili kidole. Mwaka wa tatu, mvua zilipoanza, alitia kiganja kizima, akasikia maji ya baridi yakimsukuma mkono utoke. Alihesabu kaya za Chinichini, mia tatu na kumi, na kila alipohesabu alianzia kwa Mwantumu.

Akaenda kwa Waziri. Alisubiri siku tatu kwenye kiti cha wageni, ya nne akaingizwa. Alieleza yote, na jasho likamtoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Waziri alimsikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomsikiliza mgonjwa.

"Dakta," alisema, "nani aliandika kwamba ule ni mkunjo?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Ulikuwa mtaalamu wakati ule?"

"Nilikuwa, Mheshimiwa."

"Basi usimvunjie heshima."

Kisha Waziri akajishika kipaji cha uso, akamwonyesha mikunjo yake mwenyewe mitatu, akamweleza kwamba mkunjo ni dalili ya ukomavu, na kwamba bwawa linapokomaa wananchi wanapaswa kushukuru. Hata hivyo yeye si kiongozi wa kuziba masikio. Kama Dakta ana neno, aliandike kwenye barua, nayo itasomwa.

Hizza aliandika barua ile kwa siku mbili. Aliijua kalamu nyekundu, naye aliikwepa kama mtu anayevuka yadi yenye mbwa. Hakuandika kufanya, aliandika kutenda. Hakuandika kufaa, aliandika kustahili. Aliandika kwamba mkunjo umepanuka, akatoa vipimo, akachora michoro, kurasa kumi na nne safi zisizo na pa kukata. Lakini alipofika mwisho alimwona Mwantumu akilini, amesimama mlangoni kwake na kanga yake ya bluu ya kushindia, na mkono ukaandika wenyewe bila kumwuliza: "Mheshimiwa, chukua hatua sasa. Watu wa Chinichini watakufa maji." Akatia sahihi, akafunga bahasha upesi kabla woga haujamrudia.

*

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, likiletwa na pikipiki mbili zenye bendera. Waziri alisema ameguswa mno. Alifurahi kusoma kwamba ukomavu wa ukuta umeongezeka. Zaidi ya hapo, ni mara ya kwanza mtaalamu ameacha mambo yake ya zege akawasemea wananchi wanyonge, naye kama kiongozi msikivu ameshachukua hatua. Ameagiza milango yote ya kupunguzia maji ifungwe, bwawa lijae hadi ukingoni, na Jumamosi bomba kubwa lifunguliwe mbele ya hadhara. Wananchi wote wa Chinichini watakusanyika chini ya ukuta na ndoo zao. Dakta Hizza atakaa jukwaani, mlimani, kiti cha pili kutoka kwa Waziri.

Hizza hakuelewa. Alifunua nakala ya barua yake iliyoambatanishwa, akaenda mwisho. "Mheshimiwa, chukua hatua sasa. Watu wa Chinichini wataka maji."

Alisoma mara nne ndipo akaona kilichotoka na kilichoingia. Akakaa sakafuni pale pale ofisini, akalia kwa sauti.

Alikimbilia Kitengo. Karani aliyeisafisha barua alikuwa Bi Skolastika, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba na sauti ya kubembeleza, aliyeikumbuka vizuri.

"Nilikusaidia tu, Dakta," alisema. "Nilipokata, likabaki 'watak', limening'inia. Nikasema huyu ni mtu mkubwa, asiaibike. Nikatia 'a'."

"Bi Skolastika, hawakutaka maji. Nilisema wata..."

Mama wa watu akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akamsihi akumbuke kwamba ana wajukuu wanaomtegemea. Kisha akampa kwa wema fomu ya malalamiko. Fomu ilikuwa na sehemu moja tu ya kujaza: Andika neno sahihi. Hizza akaliandika. Bi Skolastika akaipokea fomu, akavaa miwani, akakata herufi tatu, akatia moja, akagonga muhuri na kumkabidhi nakala yake.

Siku zilizobaki Hizza alizimaliza akihangaika. Alikwenda kwenye milango ya maji akitaka kuifungua kwa mikono yake, akakuta askari wanne na amri iliyoandikwa kwamba ifungwe, na chini ya amri hiyo, kama sababu, jina lake. Alipiga simu wizarani, akaambiwa Mheshimiwa anajifunza hotuba. Maji yalipanda futi mbili kwa siku.

*

Jumamosi asubuhi alishuka Chinichini kwa miguu. Na hapo ndipo alipoliona jambo ambalo katika miaka yake mitatu ya kukagua ukuta hakuwahi kuligeukia nyuma kulitazama. Mto ulikuwa umekauka tangu bwawa lilipouziba. Visima vilikuwa vumbi. Watu wa Chinichini walikuwa kweli wanataka maji, walikuwa wameyataka kwa miaka mitatu, na barua yake ilikuwa ya kwanza kutoka serikalini iliyosema kweli juu yao.

Walimpokea kwa vigelegele. Akina mama walimshika mikono, mzee mmoja alimbusu bega. Hizza alipanda juu ya jiwe akawaambia waondoke, wapande mlimani sasa hivi, kuna ufa ukutani. Watoto waliulizana ufa ni mnyama gani. Wakubwa wakainamisha nyuso kwa aibu, na baba mmoja akamwomba kwa heshima, kwamba shukrani zao ni nyingi lakini pale kuna watoto, asitukane.

Mwantumu alimvuta ndani kabla hajazidi kujiaibisha. Alimkalisha kwenye mkeka, chini ya ile ripoti yenye fremu.

"Dada, nilikudanganya," Hizza alisema. "Ule haukuwa mkunjo. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulidanganya lini, Hizza? Wakati ule au sasa?"

"Wakati ule."

"Wakati ule ulikuwa umevaa tai, umelala vizuri. Sasa hivi unatetemeka, na viatu vyako haviko sawa." Aliinama, akamfunga kamba za kiatu kama alivyokuwa akimfunga akienda shule. "Nitamwamini yupi?"

"Huyu," alisema Hizza. "Huyu, dada. Nakuomba."

Alipiga magoti mbele yake, mtu mzima na nishani yake kifuani, akamshika miguu. Mwantumu hakuwa mjinga. Aliona kwamba mdogo wake hana homa wala wazimu. Aliinua macho kwenye fremu, akaishusha, akailaza kifudifudi juu ya kitanda.

"Nitakuja," alisema. "Lakini huko mlimani tutakunywa nini? Nina nafasi kwenye foleni, mtu wa sita. Tangulia, mimi nachota ndoo moja tu, nakufuata."

Hizza alimkatalia, alimbembeleza, alimvuta mkono. Lakini mtu aliyekaa miaka mitatu akinunua maji ya madumu kutoka kwa wenye punda haachi ndoo ya bure kwa sababu ya neno ambalo halipo. Askari wa itifaki wakaingia wakamchukua Hizza kwa adabu, mmoja kila upande, kwa kuwa kiti chake jukwaani kilikuwa kitupu na Waziri amekwishawasili.

*

Jukwaa lilikuwa mlimani, kwenye hewa nzuri, na lilitazamana na ukuta. Chini kabisa, mbele ya bomba, kijiji kizima kilisimama na ndoo za rangi zote. Waziri Chitete alizungumza kwa saa moja na robo. Aliwashukuru waliomtangulia, na watakaomfuata, kama watakuwepo. Kisha akafunua barua na kuisoma sentensi ya mwisho kwa sauti ya kutetemeka: "Watu wa Chinichini wataka maji." Akawauliza kama ni kweli.

"Twataka!" wakaitikia, na ndoo zikainuliwa.

Hizza alikuwa anatazama ukuta, si watu. Aliona mstari mweusi ukishuka kutoka juu kukutana na ule wa chini, na katikati yake vumbi likitoka kidogo kidogo. Alisimama, akamnyang'anya Waziri kipaza sauti, akapiga kelele kwa pumzi yake yote kwamba watu watakufa maji.

Mtumishi wa Kitengo mwenye kisanduku mapajani alikuwa kijana mahiri, aliyepata tuzo mwaka ule. Kidole chake hakikuchelewa wala kuzidisha. Kwenye spika kumi na mbili zilizofungwa bondeni ikatoka sauti ya Hizza, safi kabisa:

"Watu wataka maji!"

"Twataka!"

Alirudia. Alililia neno, alilivuta, alilikata vipande, alilitamka kinyumenyume. Kidole kikafuata kila mahali. "Watu wataka maji!" zikasema spika, na kila mara bonde likaitikia kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hawajawahi kumsikia kiongozi akiwasemea kwa uchungu namna ile, mpaka wengine wakaanza kulia. Hizza alimwona Mwantumu. Alikuwa mbele, mtu wa sita, na ndoo ya bluu. Hakuitikia. Alikuwa ameinua uso kumtazama mdogo wake tu, na nadhani alikuwa akiisoma midomo yake, kwa sababu ghafla aliiacha ndoo ikaanguka, akageuka kuwasukuma waliokuwa nyuma yake.

Waziri alibonyeza kitufe cha kufungua bomba. Kilichofunguka hakikuwa bomba.

*

Serikali ilitoa taarifa siku ile ile. Ilisema kwamba mkunjo umenyooka. Ilisema wananchi wa Chinichini wamehama kwa pamoja bila usumbufu wowote, na kwamba ombi lao lilikuwa limetimizwa kwa asilimia mia moja. Dakta Hizza alipewa nishani ya pili, kwa kuwasemea wananchi.

Alikwenda polisi kujisalimisha. Mkuu wa kituo alimwuliza kosa, akasema aliandika mkunjo. Mkuu wa kituo akamweleza kwa subira kwamba hilo ni neno la serikali, aende nyumbani akapumzike. Alikwenda mahakamani, akarudishwa. Katika nchi nzima ya Shwari hapakuwa na mtu wa kumwadhibu.

Mwaka uliofuata ukajengwa mnara pale Chinichini, juu ya tope lililokauka, wa mawe meupe. Juu yake iliandikwa kwa herufi kubwa ile sentensi yenye muhuri wa Kitengo, na chini ya sentensi, jina la mwandishi wake. Wanafunzi waliletwa kwa mabasi kuikariri.

Siku moja, adhuhuri, jua likiwa utosini na hakuna mabasi, Hizza alifika na patasi na nyundo. Hakuvunja kitu. Alitafuta neno la nne, akapima kwa kidole kati ya "k" na "a", na juu ya mstari, kama mwalimu anavyosahihisha daftari, akachonga herufi mbili zilizokosekana. Alipomaliza alipangusa vumbi la mawe kwa kanga ya bluu ya Mwantumu, iliyookotwa topeni, aliyokuja nayo begani, akakaa kwenye ngazi kusubiri.

Askari aliyefika alikuwa mtu wa makamo, amekuja kwa baiskeli, anahema. Alisimama mbele ya mnara akasoma, midomo ikienda taratibu bila sauti. Alirudia. Kisha akavua kofia, akakaa kwenye ngazi kando ya Hizza, na kwa muda hakukumbuka pingu zake.

"Dakta," alisema mwishowe, "sasa haya mbona hukuyasema mapema?"

Hizza aliitazama ile "u" na ile "f", bado mpya kwenye jiwe.

"Mapema nilikuwa na ruhusa," alisema. "Nikaandika mkunjo."

Akanyoosha mikono yote miwili afungwe.